Sanduku la Somo la Mabasi ya Montgomery: Ubao na Ramani Vimefaulu, Kijitabu Kimepwaya

Kwa mwalimu wa Historia anayetafuta kifaa cha kufundishia mapambano ya kuondoa ubaguzi wa rangi katika mabasi ya Marekani, hasa mgomo wa Weusi wa mji wa Montgomery waliosusia mabasi mwaka 1955 na 1956, limeingia sanduku la somo linalouzwa katika baadhi ya maduka ya vitabu hapa Mombasa kwa shilingi 3,800. Nimelitumia na wanafunzi wa kidato cha tatu kwa muda wa kutosha kuweza kulisemea, na rai yangu naiweka mapema. Vitu viwili vilivyomo, yaani ubao wa basi na ramani ya usafiri, vimebuniwa na mtu aliyeelewa kwamba suala lenyewe lilikuwa la maisha ya kila siku, la nauli, viti, saa za kazi na miguu inayouma. Kijitabu kinachoandamana navyo kimeandikwa na mtu mwingine kabisa, au angalau kinasomeka hivyo, kwa kuwa kinalitazama suala hilohilo kama hadithi ya mama mmoja mchovu na mhubiri mmoja hodari wa maneno.

Sandukuni mna ubao wa kadibodi nene unaotosha kufunika dawati la wanafunzi wawili, nao umechorwa sakafu ya basi kama inavyoonekana kutoka juu. Kuna vipande vya mbao vya abiria, vyeupe na vyeusi, kibao kidogo kinachohamishika, ramani ya mji wa Montgomery katika jimbo la Alabama, kadi za watu na matukio, kijitabu cha kurasa 32, na flashi yenye masimulizi ya sauti kwa Kiswahili. Maagizo ya matumizi yamechapishwa upande wa ndani wa kifuniko. Ni mafupi na yanaeleweka.

Nianze na ubao. Basi lililochorwa lina viti 36. Vile 10 vya mbele vilikuwa vya Wazungu, hata kama hakuna Mzungu yeyote garini. Vile 10 vya nyuma vilikuwa vya Weusi. Na vile 16 vya katikati vilitegemea uamuzi wa dereva, ambaye aliweza kuusogeza mpaka nyuma kila Wazungu walipoongezeka. Kibao kinachohamishika ndicho mpaka huo. Mwanafunzi mmoja anashika nafasi ya dereva, wenzake wanapandisha abiria kituo baada ya kituo kwa kufuata kadi, na dereva anasogeza kibao. Baada ya vituo vichache vipande vyeusi vinakuwa vimesongamana nyuma, vingine vimesimama katika njia ya kati, ilhali mbele kuna viti vitupu ambavyo kila aliyeuzunguka ubao anaviona. Mimi nimefundisha somo hili kwa mdomo na chaki miaka kadhaa, na sijawahi kulifikisha kwa wepesi huo.

Kanuni moja ya mchezo iliwashangaza wanafunzi kuliko hata viti. Abiria Mweusi alipanda kwa mlango wa mbele, akalipa senti 10, kisha mara nyingi akatakiwa ashuke tena na kuzunguka ili aingie kwa mlango wa nyuma. Na haikuwa ajabu dereva kung'oa gari kabla mtu huyo hajaufikia mlango. Watoto hawa wamekulia katika matatu za Bamburi na Kisauni, wanajua jinsi makanga anavyomvuta abiria kwa mkono ili asichukuliwe na gari la nyuma, kwa hiyo jambo hili halikuwaingia akilini hata kidogo. "Mwalimu, huyu ameshalipwa, halafu anamwacha mteja barabarani?" aliuliza mmoja wao. Mwenzake aliyekuwa dereva akajibu, bila kuinua macho ubaoni, kwamba mteja huyo kesho atarudi tu, kwani hana gari lingine. Jibu hilo lilibeba ukweli ambao kijitabu hakiufikii popote. Takriban robo tatu ya abiria wa mabasi ya Montgomery walikuwa Weusi, na kampuni ilizoea kuwadhalilisha watu waliokuwa wakiiweka hai kwa sababu iliamini kwamba hawana pa kwenda.

Hatua ya pili ya ubao ni ya Alhamisi, tarehe 1 Desemba 1955. Rosa Parks alikuwa amekaa katika safu ya kwanza ya viti vya katikati pamoja na abiria wengine 3 Weusi. Viti vya mbele vikajaa na Mzungu mmoja akabaki amesimama. Kwa desturi ya mabasi yale, Mzungu na Mweusi hawakukaa katika safu moja hata kama njia ya kati imewatenganisha. Kwa hiyo, ili Mzungu mmoja apate kiti, ilibidi watu 4 wainuke. Ni hesabu ambayo huisoma mtu kitabuni akaipita, lakini mwanafunzi anayelazimika kuviondoa kwa vidole vyake vipande 4 ili akiweke kimoja huisimamia na kuiuliza. Dereva, James F. Blake, aliwaamuru wainuke. Wale watatu wakainuka, Parks akasogea upande wa dirisha na kubaki alipo, akakamatwa.

Hapa ubao una pengo ambalo mwalimu itambidi alizibe mwenyewe. Kanuni za jiji zenyewe hazikumtaka abiria aache kiti chake na kusimama iwapo hapakuwa na kiti kingine kitupu. Kanuni hizo hizo, hata hivyo, zilimpa dereva mamlaka kama ya askari polisi ndani ya gari lake, na mazoea ya madereva yakawa na nguvu kuliko maandishi. Kadi ya maagizo haisemi lolote kuhusu hilo, na mwanafunzi anaweza kumaliza mchezo akidhani kwamba dereva alikuwa akitekeleza sheria tu, tena kwa shingo upande.

Sasa kijitabu. Jalada lake lina mchoro wa mwanamke aliyeegemeza kichwa dirishani, macho yamefumba, na maelezo ya ndani yanaanza kwa kusema kwamba jioni ile miguu yake ilikuwa imechoka sana. Parks mwenyewe aliikanusha habari hiyo: alieleza kwamba mwili wake haukuwa umechoka kuliko siku nyingine yoyote ya kazi, na kwamba alichokuwa amechoka nacho ni kukubali kila anapoamriwa. Alikuwa na umri wa miaka 42 na alifanya kazi ya kushona nguo katika duka kubwa la Montgomery Fair, ndiyo. Lakini pia alikuwa amechaguliwa kuwa katibu wa tawi la Montgomery la NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi, tangu mwaka 1943. Mwaka huohuo wa 1943, Blake huyohuyo alikuwa amewahi kumteremsha garini kwa sababu ya kanuni ile ya mlango wa nyuma. Na katika kiangazi cha 1955, miezi michache kabla ya kukamatwa, alikuwa amehudhuria mafunzo ya wanaharakati katika shule ya Highlander huko Tennessee. Kijitabu kimepata nafasi ya kueleza kwamba basi lenyewe, lenye namba 2857, sasa limehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Henry Ford karibu na Detroit, jambo ambalo ni kweli na linapendeza. Kimekosa nafasi ya kuitaja kazi ya ukatibu ya miaka 12. Mtoto anayesoma hivyo anajifunza kwamba haki hupatikana kwa bahati, mtu akichoka siku mwafaka.

Kadi ndizo zinazoiokoa sehemu hii, na nashuku kwamba aliyeziandika ndiye aliyebuni ubao. Kuna kadi ya Claudette Colvin, msichana wa shule wa miaka 15 aliyekataa kuinuka tarehe 2 Machi 1955, miezi 9 kabla ya Parks, akatolewa garini kwa nguvu na polisi na kutiwa pingu. Kuna kadi ya Mary Louise Smith, wa miaka 18, aliyekamatwa Oktoba mwaka huohuo kwa kosa hilohilo. Wanafunzi wangu, ambao wana umri wa Colvin au wamempita kidogo, walitaka kujua kwa nini jina lake halikupigiwa debe kama la Parks. Kadi inajibu kwamba alikuwa mdogo mno, kisha inanyamaza. Ukweli ni kwamba viongozi wa Weusi mjini walisita kuijenga kesi juu ya msichana wa familia maskini, na baadaye alipopata mimba walisita zaidi. Najua kwa nini mchapishaji aliliruka hilo katika kifaa cha shule, lakini wasichana wa darasa langu walilibaini wenyewe bila kuambiwa, na mjadala uliofuata ulikuwa mzito kuliko wote tuliowahi kuwa nao, kwa kuwa swali la nani anafaa kuwa sura ya madai ya wengi halikuanzia wala kuishia Alabama.

Kadi ya Jo Ann Robinson nayo imeandikwa vyema. Alikuwa mhadhiri wa Kiingereza katika Chuo cha Jimbo la Alabama na kiongozi wa Baraza la Kisiasa la Wanawake, na Mei 1954 alikuwa amemwandikia meya wa jiji barua ya kumwonya kwamba mashirika ya Weusi yalikuwa yakizungumzia kuyasusia mabasi. Maana yake ni kwamba mpango ulikuwapo mezani mwaka mmoja na nusu kabla ya Parks kukamatwa. Usiku wa siku ile ya Desemba, Robinson na wasaidizi wachache walikesha chuoni wakiendesha mashine ya kurudufia, na kulipokucha walikuwa na makumi ya maelfu ya vikaratasi vya kuwataka watu wasipande basi Jumatatu, tarehe 5. Wengi hudhani kwamba mgomo ule uliitishwa na Martin Luther King. King, aliyekuwa mchungaji wa miaka 26 mwenye muda mfupi tu mjini, alichaguliwa kuiongoza jumuiya mpya ya kuusimamia mgomo, Montgomery Improvement Association, mchana wa Jumatatu ileile, mabasi yakiwa tayari yanazunguka matupu. Aliyemdhamini Parks na kuwapigia simu wachungaji alikuwa E. D. Nixon, mhudumu wa mabehewa ya kulala ya treni, ambaye katika kijitabu anatajwa mara moja na katika flashi hatajwi kabisa.

Kifaa bora kuliko vyote, kwa maoni yangu, ni ramani. Darasa linageuzwa kuwa kamati ya usafiri. Linapewa magari takriban 300 ya watu binafsi, mitaa ya Weusi upande mmoja, nyumba na maduka ya waajiri upande mwingine, na kuambiwa lipange vituo zaidi ya 40 vya kuchukulia watu, saa za kupita na mahali pa kukusanyia magari, kwa maana mabasi hayatapandwa tena na watu lazima wafike kazini. Kisha zinafuata kadi za vikwazo, moja baada ya nyingine. Teksi za Weusi zilikuwa zikiwabeba watu kwa senti 10, sawa na nauli ya basi. Jiji likawakumbusha madereva wake kwamba sheria inawataka watoze angalau senti 45. Polisi wakaanza kuwaandikia madereva wa kujitolea makosa ya kila aina, na King mwenyewe akakamatwa Januari 1956 kwa kuendesha gari maili 30 kwa saa mahali pa maili 25. Kampuni za bima zikayafutia magari bima, mpaka wakala mmoja Mweusi wa Atlanta akawapatia bima mpya kupitia Lloyd's ya London. Kila kadi inapofunuliwa, kamati inalazimika kupanga upya.

Hapo ndipo niliposikia kelele nzuri darasani. Kundi moja lilipanga magari kwa mitaa, likakwama, kwa kuwa mitaa miwili ilibaki bila gari saa ya asubuhi. Msichana anayevuka feri ya Likoni kila siku akaichukua kalamu, akafuta yote, akapanga kwa saa: wapishi na yaya wanaotakiwa kuwa jikoni kabla ya waajiri kuamka wachukuliwe kwanza, wanaoingia madukani wafuate, na anayekaa karibu atembee. Walipofika kwenye kadi ya Baton Rouge walikuwa tayari wanajua umuhimu wake. Katika mji huo wa Louisiana, Juni 1953, Weusi walikuwa wamesusia mabasi kwa siku chache wakiongozwa na Mchungaji T. J. Jemison na kubebana kwa magari yao, na King alimpigia simu Jemison ili aelezwe namna walivyofanya. Kijitabu kinasema kwamba watu wa Montgomery "waliamua kutembea". Walitembea, tena sana, lakini mwaka mzima haupiti kwa kutembea peke yake. Anayekumbuka Mombasa siku za mgomo wa matatu, watu wakimiminika daraja la Nyali asubuhi kwa miguu, anajua kwamba siku ya tatu kila mtu huwa ameanza kutafuta njia nyingine.

Kadi ninayoipenda mimi ni ya Georgia Gilmore. Alikuwa mpishi, na aliunda kikundi cha wanawake waliopika majumbani kuku wa kukaanga, keki na vyakula vingine, wakauza, na fedha wakazitoa mkutanoni kwa ajili ya petroli na matengenezo ya magari. Kikundi kilijiita Club from Nowhere, yaani Klabu Isiyotoka Popote, na jina hilo lilikuwa na kazi: ukiulizwa fedha zimetoka wapi, hazikutoka popote, na hakuna mwanamke aliyeweza kufukuzwa kazi na bibi wa Kizungu kwa kuchangia mgomo. Gilmore mwenyewe alipoteza kazi yake. Natamani kadi hii ingekuwa na picha kubwa zaidi, kwani katika darasa langu iliwagusa hata wale ambao huwa wanasubiri kengele. Mama zao wengi wanasomesha watoto kwa mahamri na viazi karai.

Mabomu na kesi za jinai zimepewa kadi chache, na zinatosha: nyumba ya King kulipuliwa tarehe 30 Januari 1956, ya Nixon siku mbili baadaye, na watu 89 kushtakiwa Februari kwa sheria ya mwaka 1921 iliyokataza kususia biashara. Kadi inayokosekana, na ambayo ingekuwa kilele cha mchezo wa ramani, ni ya Novemba. Tarehe 13 Novemba 1956, King alikuwa ameketi mahakamani ambako jiji lilikuwa likiomba usafiri ule wa magari upigwe marufuku, na siku hiyohiyo ikafika habari kwamba Mahakama ya Juu ya Marekani imeuunga mkono uamuzi wa kuondoa utengano mabasini. Marufuku ilitolewa hata hivyo. Amri ya Mahakama ya Juu haikufika Montgomery hadi tarehe 20 Desemba, kwa hiyo kwa zaidi ya mwezi mmoja watu waliokwisha kushinda kesi waliendelea kususia bila hata yale magari. Nililiongeza tukio hili kwa mkono kwenye kadi tupu, na nashauri kila mwalimu afanye vivyo hivyo.

Hilo linanipeleka kwenye kosa kubwa zaidi la kijitabu, ambalo haliwezi kuachwa lipite. Karibu na mwisho kinadai kwamba kampuni ya mabasi ilikula hasara mpaka ikasalimu amri, na ubaguzi ukaisha. Hasara ilikuwapo, tena kubwa. Lakini Aprili 1956 kampuni ilipotangaza kwamba madereva wake hawatawatenga tena abiria, jiji ndilo lililokwenda mahakamani kuizuia. Mwenye gari alikuwa tayari. Mwenye sheria akakataa. Ndiyo sababu kesi ilihitajika, na kesi yenyewe haikuwa ya Parks, ambayo ilikuwa imekwama katika mahakama za jimbo baada ya faini ya dola 10 na gharama za dola 4. Wakili Fred Gray, kijana wa miaka 25, alifungua kesi nyingine katika mahakama ya shirikisho tarehe 1 Februari 1956 kwa niaba ya wanawake waliokuwa wamenyanyaswa mabasini: Aurelia Browder, Susie McDonald, Claudette Colvin na Mary Louise Smith. Walisimama kizimbani Mei. Mawakili wa jiji walijaribu kuonyesha kwamba wote walikuwa wakifuata amri za King, na Colvin akajibu kwamba viongozi wao ni wao wenyewe. Tarehe 5 Juni jopo la majaji 3 likaamua, wawili dhidi ya mmoja, kwamba utengano mabasini unavunja Katiba. Huo ndio uamuzi uliothibitishwa Novemba.

Katika sanduku lote hakuna kadi ya Aurelia Browder, ilhali kesi iliyouondoa utengano inaitwa kwa jina lake, Browder v. Gayle. Mchezo unamalizika kwa kipande cheusi kuwekwa kiti cha mbele, wanafunzi wanapiga makofi, na hakuna anayeuliza nani aliandika hati ya mashtaka. Mgomo wa siku 381 uliwafanya watu wawe kitu kimoja na ukawaonyesha waajiri na watawala kwamba mambo hayatarudi yalivyokuwa; uliobadilisha kanuni ni ushahidi wa wanawake 4. Mwanafunzi anastahili kuvielewa vyote viwili na namna kimoja kilivyokihitaji kingine. Anastahili pia kujua kwamba wiki moja baada ya mabasi kuchanganywa yalianza kufyatuliwa risasi, mwanamke mjamzito akajeruhiwa miguuni, na kwamba tarehe 10 Januari 1957 makanisa 4 na nyumba 2 za wachungaji yalilipuliwa. Kijitabu kinafunga pazia tarehe 21 Desemba 1956, siku mabasi yalipochanganywa, kwa tabasamu.

Kurasa za mwisho zinatoka nje ya Montgomery. Aya ya Irene Morgan, aliyekataa kuhama kiti Virginia mwaka 1944 na kushinda katika Mahakama ya Juu mwaka 1946 kuhusu mabasi yanayovuka majimbo, ni fupi lakini sahihi. Ile ya wasafiri wa uhuru wa 1961, Weusi na Wazungu waliopanda pamoja mabasi ya masafa marefu ili kupinga utengano, ambao basi lao lilichomwa moto karibu na Anniston, Alabama, ni ya haraka mno. Kurasa za Bristol, Uingereza, ndizo bora. Huko kampuni ya mabasi iliwabeba Weusi na Waasia kama abiria lakini ikakataa kuwaajiri kuwa makondakta na madereva. Paul Stephenson na wenzake wakaitisha mgomo wa kuyasusia mabasi hayo tarehe 30 Aprili 1963, na tarehe 28 Agosti kampuni ikalegeza kamba. Septemba Raghbir Singh akawa kondakta wa kwanza asiye Mzungu. Wanafunzi waliona mara moja tofauti ya madai hayo mawili, kukaa garini na kufanya kazi garini, ingawa madereva Weusi walikuwa pia miongoni mwa madai ya kwanza ya Montgomery.

Ukurasa wa Kenya, kwa upande mwingine, ni wa aibu kidogo kwa kifaa kinachouzwa Mombasa. Umetaja kususiwa kwa mabasi ya Nairobi mwaka 1953, wakati wa hali ya hatari, kisha umejaa picha. Reli iliyoanzia hapa kwetu ilikuwa na madaraja ya abiria ambayo kwa kawaida yalimkuta Mwafrika katika la tatu. Wafanyakazi wa Mombasa waliusimamisha mji kwa mgomo mkuu wa Januari 1947, na kiongozi wao, Chege Kibachia, alikamatwa mwaka huohuo na kuzuiliwa Baringo. Wafanyakazi wa bandari waligoma tena Machi 1955, mwezi uleule Colvin alipotolewa basini, na Tom Mboya akaja kusaidia usuluhishi. Mwaka 1959 Mboya huyo alikaribishwa Atlanta na King. Mambo yote hayo yangetosha ukurasa mmoja, na yangempa mwalimu wa Changamwe au Likoni daraja la kuvukia bila kuyalazimisha mambo ya Marekani yafanane na yetu, kwani hayakufanana katika kila jambo.

Kuhusu ubora wa vitu vyenyewe nitasema machache. Kadibodi ya ubao haikutengenezwa kwa unyevu wa Pwani. Pembe zimeanza kujikunja, na nimeufunika kwa karatasi ya nailoni. Rangi nyeupe ya vipande hutoka ikishikwa na vidole vya jasho. Sauti ya msimulizi kwenye flashi ni ya kupendeza na Kiswahili chake ni safi, lakini muziki wa nyuma umepandishwa mno, hasa katika sehemu ya kanisa la Holt Street, ambapo maelfu walikusanyika jioni ya tarehe 5 Desemba. Darasani kwangu waliokaa nyuma hawakusikia nusu ya maneno. Ninaisoma sehemu hiyo kwa sauti yangu.

Shilingi 3,800 si bei ya kila shule, na sanduku moja linatosha kundi la wanafunzi 12 hivi. Darasa la 50 litahitaji kupokezana, au ubao uchorwe upya kwenye manila, jambo linalowezekana kwa kuwa si mchoro mgumu. Shule mbili au tatu za jirani zinaweza kuchangia na kuazimana. Vipindi viwili vinatosha ubao, lakini ramani itengewe kipindi kirefu, na kadi za vikwazo zisitolewe zote kwa pamoja. Anayenunua afungue sanduku dukani na kuhesabu kadi kabla ya kulipa, kwani langu lilikosa mbili, na muuzaji alinibadilishia bila maneno mengi nilipomrudishia na risiti.